Sindano ya kuondoa mafuta ya nguruwe: tusiuziwe maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wafugaji wenzangu wa nguruwe wa Kasulu, Buhigwe na Kibondo. Kuna watu wanapita vijijini na vichupa visivyo na lebo. Wanadai ni homoni ya ukuaji: mchome nguruwe mara moja tu, au mwagia kwenye pumba, na mafuta yote yatageuka nyama. Jirani yangu aliuza mbuzi wawili akanunua.

Homoni ya ukuaji ipo kweli, na kila nguruwe anayo. Hutoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo. Nguruwe hutengeneza mafuta yake kwa kiasi kikubwa kutokana na glukosi, yaani sukari inayotokana na wanga wa mahindi na muhogo tunaomlisha, na kazi hiyo hufanyika zaidi kwenye tabaka la mafuta lenyewe kuliko kwenye ini. Insulini, homoni ya kongosho, ndiyo inayoziamuru seli za mafuta zipokee glukosi hiyo. Homoni ya ukuaji inapoongezwa, seli hizo huwa nzito kuitikia insulini. Glukosi huingia kidogo, na vimeng'enya, yaani protini zinazoigeuza kuwa mafuta, hupungua nguvu. Kongosho hutoa insulini zaidi, lakini sukari kwenye damu hupanda hata hivyo. Nguruwe hupunguza kula, mafuta ya mgongoni hupungua na nyama huongezeka. Wataalamu wamelipima jambo hili tangu miaka ya 1980. Australia iliruhusu homoni hiyo kwa nguruwe, Marekani haikuiruhusu.

Sasa yapimeni maneno ya hao wauzaji. Homoni hii ni protini yenye amino asidi 191, yaani vijenzi vya protini. Ukiimwagia kwenye pumba, tumbo la nguruwe litaisaga kama linavyosaga dagaa. Ukiichoma, haikai sana kwenye damu, ndiyo maana katika majaribio mengi nguruwe walichomwa kila siku kwa wiki kadhaa. Anayekuambia sindano moja inatosha, tena kichupa kimeshinda juani kwenye bodaboda, anakuibia.

Na hata hiyo ya kweli haifanyi kazi kwa pumba tupu. Nguruwe anayejenga nyama zaidi anahitaji protini zaidi kwenye chakula, hasa amino asidi iitwayo laisini. Akiikosa, homoni haina cha kujengea. Hapo ndipo penye tatizo letu sisi. Tunamjaza nguruwe pumba na maganda ya muhogo, halafu bucha wakilalamika kuwa ni mafuta matupu tunatafuta dawa. Dagaa wa Tanganyika tunao. Mashudu ya alizeti yanapatikana. Soya tunalima wenyewe, ila ikaangwe au ichemshwe kwanza, maana mbichi inazuia usagaji wa protini. Na nguruwe akishakomaa tumuuze, kwa kuwa kuanzia hapo sehemu kubwa ya chakula chake inakwenda kwenye mafuta.

Naiomba halmashauri iwatume maofisa mifugo wa kata wawakague wauzaji hawa kabla ya mnada ujao. Nawasihi wenzangu msikubali sindano yoyote kutoka kwenye kichupa kisicho na jina. Nguruwe wanne wa jirani yangu wana majipu shingoni palipochomwa, na mmoja hawezi tena kuinamisha kichwa kwenye kihori.

Mfugaji wa nguruwe,
Kasulu, Kigoma