Kuhusu safari yetu ya Thimlich Ohinga

Wapendwa, habari za jioni. Najua wengi mlirudi Kisumu jana kutoka Thimlich Ohinga, yale maboma ya kale ya kuta za mawe kule Migori, na uchungu, hata mimi sikulala vizuri. Wale vijana wawili wa kutuongoza niliwatafuta mwenyewe kwa simu. Si wafanyakazi wa pale. Mmoja hakutokea kabisa. Wa pili alichelewa saa mbili nzima, akatuambia kuta zilijengwa na Wareno, kisha akadai nyongeza kabla hata hatujaingia Kochieng, mojawapo ya maboma hayo. Poleni sana, hasa akina mama mliosimama juani na watoto.

Kinachoniuma zaidi ni watoto kurudi na uongo ule. Tafadhali waambieni: kuta zile zilijengwa na jamii za huku kwetu, yapata karne ya 16, kwa mawe matupu bila saruji wala udongo wa kuyashikanisha. Safu ya nje na ya ndani zimefungwa pamoja na mawe ya katikati, na bado zimesimama! UNESCO iliziorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2018.

Zile shilingi 200 za waongozaji nitamrudishia kila mtu kufikia Ijumaa. Anayetaka turudi Agosti, safari hii na wahudumu wa pale pale, aandike jina hapa chini.