Malalamiko kuhusu taa ya taimingi iliyouzwa bila tahadhari za usalama

Gereji, Msamvu,
Morogoro.
Julai 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: TAA YA TAIMINGI NA KARATASI YAKE YA MAELEKEZO

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Mwezi uliopita nilinunua dukani kwenu taa ya kupimia taimingi ya injini za petroli (yaani wakati plagi inapochoma mafuta), ile yenye umbo la bastola, waya mbili za betri na kibanio cha kushika waya wa plagi. Nakala ya risiti nimeambatisha. Niliporudi dukani kueleza shida yangu kwa mdomo, kijana wa kaunta alininyooshea kidole mstari wa chini kwenye risiti, ule wa mali ikishauzwa hairudishwi, kisha akamgeukia mteja mwingine. Basi naandika.

Bei si ugomvi wangu mkubwa. Ugomvi wangu ni ile karatasi ya Kiswahili mliyoiweka ndani ya boksi. Inaeleza namna ya kuunga waya, namna ya kumulika na namna ya kuzungusha distributa (kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi), na haina hata sentensi moja inayomwonya mtu kwamba taa hii inaweza kumkatisha vidole. Boksi lenyewe linasema kifaa ni salama kwa kila mtu.

Gereji yangu inapokea vijana wa chuo cha ufundi VETA wanaokuja fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Mmoja wao alipewa Hilux ya zamani yenye injini ya 2Y, ambayo feni yake inavutwa na mkanda mbele ya injini. Akafuata karatasi yenu: nyekundu chanya, nyeusi hasi, kibanio kwenye waya wa plagi namba moja, washa, mulika puli ya krenki (gurudumu la mbele ya injini lenye alama ya taimingi), sogea karibu mpaka alama ionekane. Akasogea. Alama ilikuwa na grisi, na mkononi alikuwa na kitambaa. Akanyoosha mkono aifute. Feni ikakivuta kitambaa kwanza, na hiyo ndiyo bahati yake, kwa sababu mkono ulipofika ulikuwa umeshaanza kurudi. Alipoteza ukucha na kushonwa kidole cha kati. Tulipozima injini, neno lake la kwanza lilikuwa, "Fundi, si ilikuwa imesimama?"

Ninyi mnaouza vifaa hivi mnajua kwa nini alisema hivyo. Taa humweka kila plagi ya kwanza inapochoma, yaani mara moja katika kila mizunguko 2 ya krenki. Injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, taa inamweka mara 400, na kila mmweko unaikuta puli palepale ilipokuwa. Jicho linaona puli iliyotulia tuli, na mapanga ya feni yaliyo jirani nayo huweza kuonekana yamesimama au yanajivuta polepole. Kijana alisikia kabisa injini inawaka, lakini macho yalimwambia kingine, na mtu anapofanya kazi ya mkono huamini macho. Hiyo si kasoro ya taa, ndiyo kazi yake. Ila kifaa ambacho kazi yake ni kuyadanganya macho kinatakiwa kimwambie mtu hivyo kabla ya jambo lingine lolote, tena kwa maandishi makubwa.

Najua mtakachojibu: fundi mkuu alikuwa wapi? Nilikuwa chini ya lori, mita chache kutoka pale. Karatasi ya maelekezo huandikwa kwa ajili ya yule ambaye hana mtu wa kumsimamia, na taa hizi mnawauzia hata watu wanaotengeneza magari yao uani nyumbani.

Ubovu wa kifaa chenyewe nao upo. Waya za betri ni fupi mno, kiasi kwamba kwenye ile Hilux huwezi kumulika puli bila kuinamia feni na kuziacha waya zipite juu ya bomba la ekzosti. Ganda la ile nyekundu limeshalainika na kuacha alama. Kibanio hakina mshale. Taa nyingi za aina hii zina mshale unaotakiwa kuelekea kwenye plagi, na mtu akikigeuza kibanio kinyume anaweza kupata kipimo cha uongo. Nilipokifungua cha kwenu nikakuta, katikati ya vile vipande viwili vyeusi vya feraiti, vinavyonasa mpigo wa umeme wa plagi na ambavyo vinatakiwa vikutane uso kwa uso, tone la gundi lililokauka, kubwa kama kichwa cha kiberiti. Vipande havikutani, kwa hiyo taa inaruka mimweko. Mtu akiona taa inakatakata hushika kibanio na kukitikisa injini ikiwaka, na pale anachezea waya unaopitisha volti zaidi ya 20,000. Waya ukiwa umezeeka umeme unavuja. Shoti ya plagi mara nyingi haimuui mtu mzima mwenye moyo mzuri, lakini mkono unaruka wenyewe, na pa kuangukia ni pale pale kwenye feni na mkanda.

Nije kwenye Corolla ya mteja, injini ya 4A-FE. Karatasi yenu inaagiza kulegeza boliti ya distributa na kuizungusha mpaka alama isome digrii 10. Digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu ni sahihi kwa injini hiyo, sina ubishi. Kisichosemwa ni kwamba kwanza unafungua kile kiboksi chenye maandishi ya DIAGNOSIS na kuunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya. Majina ya matundu yamechapwa chini ya kifuniko chake. Usipofanya hivyo, kompyuta ya gari inaendelea kuisogeza taimingi yenyewe, na wewe unaseti kitu kisichotulia. Vijana walifuata karatasi kama ilivyo. Kompyuta ilikuwa imeipeleka taimingi mbele, wao wakairudisha distributa nyuma ili taa isome 10, na gari likatoka likiwa limechelewa kuchoma. Mwenyewe alikwenda nalo Iringa. Kwenye mlima wa Kitonga likamwishia nguvu, mafuta likanywa kupita kawaida, na akarudi kwangu na maneno ambayo siwezi kuyaandika humu. Nilipounganisha TE1 na E1 na kupima kwa taa niliyoazima kwa jirani, tatizo lilionekana papo hapo. Magari ya kabureta nayo yana lake: nyingi zinataka ule mpira wa vakyumu (unaofyonza hewa) wa distributa uchomolewe na kuzibwa kabla ya kupima. Karatasi haigusi hilo pia.

Mafundi wengi hapa mjini bado wanaseti taimingi kwa sikio. Nimekuwa nikiwaambia taa ndiyo kipimo cha kweli. Sasa wananicheka, na siwalaumu.

Yapo mengine ambayo karatasi ilipaswa kuyataja. Magari yenye feni ya umeme, kama hiyo Corolla, feni inaweza kujiwasha ghafla injini ikipata moto, hata kama ilikuwa imesimama kweli. Injini lazima ipate moto kwanza ndipo upime, kwa hiyo gari linanguruma muda mrefu, na ndani ya banda lililofungwa moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Handibreki ivutwe, gia iwe frii, matairi yawekewe kigingi. Mikono mirefu ikunjwe, nywele na khanga zifungwe, waya zote ziungwe na kuchomolewa injini ikiwa imezimwa. Alama ya puli isafishwe na kupakwa chaki nyeupe kabla ya kuwasha. Kijana wangu angeambiwa hilo tu, ukucha wake ungekuwepo. Na mwenye kifafa asiishike kabisa: ukikanyaga injini mpaka 3,000 ili kuona kama taimingi inasogea mbele, taa inamweka mara 25 kwa sekunde, kasi ambayo kwa baadhi ya wagonjwa huamsha degedege. Hili la mwisho limenishangaza kuliko yote, maana kwenye upande wa Kiingereza wa boksi lenu limeandikwa, kwa herufi ndogo, pamoja na onyo la feni.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo. Mnirudishie fedha yangu, au mnibadilishie taa kwa nyingine yenye kibanio kinachofunga na waya za kutosha, kifaa kikijaribiwa mbele yangu. Mlipe gharama za matibabu ya kijana; stakabadhi za hospitali zimo kwenye bahasha hii. Taa zilizobaki dukani ziondolewe mpaka karatasi iandikwe upya na mtu anayejua injini, na onyo la feni libandikwe kwenye mwili wa taa yenyewe, kwa sababu karatasi hupotea siku ya kwanza. Waliokwisha kununua mna namba zao kwenye vitabu vya risiti, wapigieni.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mnunuzi dhidi ya bidhaa isiyo salama, na maneno ya chini ya risiti hayaifuti. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitapeleka jalada hili, pamoja na taa na karatasi yake, Tume ya Ushindani, na nakala kwa Shirika la Viwango Tanzania.

Taa ninayo, kibanio sijakigusa tangu nilipokifungua, na gundi bado imo. Fundi wenu akitaka kuja kuiona anakaribishwa siku yoyote ya kazi. Namba yangu ya simu iko nyuma ya nakala ya risiti.

Wenu,

Fundi mkuu na mmiliki wa gereji

Viambatisho: nakala ya risiti, stakabadhi za matibabu, picha za kibanio na waya, karatasi ya maelekezo.