Salamu za Pentekoste, pamoja na kisa cha Joseph Wolff

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa!

Pasaka imetimiza siku zake hamsini, vitambaa vya madhabahuni vimegeuka vyekundu, na mafundi wanakimbizana na nguo za watoto wa kipaimara. Nawasalimu nyote, mlio nyumbani na mlio mbali.

Kila mwaka somo la Matendo sura ya pili likifika kwenye yale mataifa, msomaji wetu huanza kujikwaa: Waparthi, Wamedi, Waelami, watu wa Mesopotamia, Kapadokia, Ponto. Tunamhurumia, tunasubiri amalize. Lakini hao walikuwa Wayahudi waliopanda Yerusalemu kwa sikukuu yao ya majuma. Safari hii wamenikumbusha Myahudi mwingine, aliyezikanyaga nyingi za nchi hizo kwa miguu yake.

Joseph Wolff alizaliwa Bavaria, Ujerumani, mwaka 1795, mtoto wa rabi. Alibatizwa Mkatoliki mwaka 1812 karibu na Prague, akaenda Roma kusoma, akabishana na walimu wake hadi akafukuzwa. Mdomo ulimponza, ingawa nadhani bila mdomo huo asingefika popote. Akahamia Uingereza, akaingia Anglikana, na kuanzia 1821 akawa mtu wa njiani: Misri, Sinai, Yerusalemu, Uajemi, halafu Turkestan ya Asia ya Kati na Afghanistan hadi India, akiyatafuta yale makabila kumi ya Israeli yaliyopotea na kuhojiana na marabi kila alipowakuta. Afghanistan alinyang'anywa hata nguo za mwilini, akatembea hivyo hivyo maili 600.

Kisa cha Bukhara, mji wa Uzbekistan ya leo, ndicho ninachokipenda. Maofisa wawili Waingereza, Stoddart na Conolly, walifungwa na Nasrullah, amiri, yaani mfalme, wa mji huo, na habari zao zikakatika. Conolly alikuwa rafiki wa Wolff tangu India. Mwaka 1843 Wolff, mwenye mke na mtoto, umri unakaribia hamsini, akajitolea kwenda kuwaulizia. Aliingia mjini amevaa joho lake la ukasisi kama anayekwenda ibadani, Biblia wazi mkononi, watu wamefurika kumtazama. Akaulizwa kama atakubali kumsalimu mfalme kwa kuinama mara tatu. Akajibu, hata mara thelathini! Akaanza: anainama, anainuka, anainama tena, anamtakia mfalme amani, hakomi, mpaka mfalme mwenyewe akaangua kicheko. Kumbe maofisa walikwisha kuuawa tangu 1842. Wolff naye aliponea chupuchupu, Shah wa Uajemi alipomwombea kwa barua.

Njia yake iliwahi kupita karibu nasi. Mwaka 1836 alimkuta mmisionari Samuel Gobat huko Ethiopia akiwa mgonjwa sana, akamtoa mpaka Jeddah. Mwaka uliofuata CMS, shirika la wamisionari wa Anglikana alilotumikia Gobat, lilimpeleka Ethiopia Ludwig Krapf, yule yule ambaye milango ilipofungwa huko aliteremka Mombasa mwaka 1844, akaanzisha kituo cha misheni cha Rabai na kushika kazi ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili. Gobat alipona, akaja kuwa askofu wa Yerusalemu, akipokea kiti cha Michael Solomon Alexander, ambaye naye alikuwa mtoto wa Kiyahudi aliyebatizwa.

Sitaki kumpamba Wolff. Alitangaza kwamba Kristo angerudi mwaka 1847, na mwaka huo ukapita kama mingine. Alimalizia siku zake akiwa kasisi wa kijiji cha Isle Brewers, Somerset, akafa 1862. Lakini hakuwaacha ndugu zake wa damu. Aliwafuata hadi jangwani. Nalisema hili kwa sababu kuna mahubiri ya msimu huu yanayowataja Wayahudi kama maadui wa Roho, na mimi huyasikiliza nikikuna kichwa, kwani wale walioshukiwa na ndimi za moto walikuwa akina nani?

Basi, watoto wa kipaimara, hongereni, na kiatu kikibana msijali, ibada ina mwisho. Wanakwaya, nyimbo mmezifanyia mazoezi, imbeni tu. Na ninyi mlio Muscat na Doha, mnaokusanyika Ijumaa kwa kuwa Jumapili ni siku ya kazi, mtuombee nasi huku. Pentekoste njema, na safari njema kwa kila aliye njiani wiki hii.