Elimu ya VVU itufuate vijiweni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie elimu ya kujikinga na VVU inavyotolewa huku kwetu uswahilini, Tandale, Manzese na Mburahati.

Semina nyingi hufanyika saa nne asubuhi. Saa hiyo bodaboda yuko barabarani, mama lishe anakimbizana na chakula cha mchana, na dada anayehudumu baa ndiyo kwanza amelala. Wanaohudhuria ni wale wale wa kila mkutano, na wanaambiwa yale yale: Ukimwi unaua, acheni ngono zembe. Hayo tunayasikia tangu wagonjwa wa kwanza walipogundulika Kagera mwaka 1983.

Tusichoambiwa ni cha kufanya kondomu ikipasuka usiku wa Jumamosi. Niliwauliza vijana wa kijiwe kimoja cha bodaboda hapa Tandale. Mmoja akasema, "Unasubiri miezi mitatu, unakwenda kupima, Mungu yupo." Mwingine alijua kuna dawa ya kuzuia maambukizi, ila akadhani ni ya manesi waliochomwa na sindano. Hakuna aliyejua kwamba dawa hiyo, PEP, huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita ni hasara, kisha humezwa siku 28 bila kuruka. Huyo wa miezi mitatu atafika kituoni nafasi imeshampita. Inauma, maana dawa ipo.

Kuna binti wa miaka 15 pia. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2019 anaruhusiwa kupima bila idhini ya mzazi; nani amemwambia? Na mwenye VVU anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye vipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Hili likisemwa waziwazi, mbele ya watu, wapo watakaoacha kuficha vidonge kwenye ndoo ya unga.

Manispaa zisingoje wafadhili. Misaada ya Marekani iliposimamishwa Januari 2025, tuliona kazi za namna hii zilivyoyumba. Posho ya waelimishaji rika itoke kwenye mapato yetu wenyewe, waje jioni vijiweni, saluni na baa, na wawe watu wa mitaa hii hii. Kila kijiwe kibandikwe karatasi yenye jina la kituo cha karibu kinachotoa PEP, pamoja na mahali pa kwenda Jumapili na usiku.

Mkazi wa Tandale,
Dar es Salaam