Ukitaka kurekodi nyumbani anza na saundi kadi, kompyuta ije baadae

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa moyoni miezi sasa na najua halijanipata mimi tu. Vijana wengi hapa Tanga siku hizi wanafungua studio vyumbani, mwingine kwenye stoo ya baba yake, magodoro ukutani, maiki moja, wanaanza. Hasara tunaipata sehemu moja, tunanunua kompyuta kwanza halafu ndio tunaulizana hii saundi kadi, kile kifaa kinachoingiza sauti ya maiki kwenye kompyuta, inakaa wapi.

Mimi nakaa Ngamiani, nina kikundi kidogo cha taarab ile ya zamani, udi, fidla mbili, akodioni, besi, dumbak, na waimbaji wawili, mmoja ni bibi ambaye sauti yake bado iko vilevile mashallah. Huu ndio mji wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, mji alioimba Bi Shakila, na wazee waliobaki wenye kujua kupiga vile ni wachache, ndio maana nina haraka ya kuwarekodi wakiwa wamekaa pamoja wanaangaliana usoni, sio mmoja leo mwingine wiki ijayo. Hesabu hapo ni njia nane kwa mpigo. Kadi ya njia mbili hainisaidii kitu.

Basi nikampata jamaa aliyefunga studio yake, akaniuzia M-Audio Delta 1010LT kwa bei ya kuelewana. Ni kadi ya zamani ila ina njia nane za kuingizia sauti, mbili za maiki na sita za laini ambazo nazipitisha kwanza kwenye mikisa, na inarekodi biti 24. Kadi nzima kabisa. Nikaenda dukani na hela niliyodunduliza, nikamwambia fundi nataka mashine ya studio, akanipangia mazabodi mpya, prosesa ya nguvu, ram GB 16, na kadi ya picha ya magemu juu yake. Hakuniuliza saundi kadi gani, na mimi sikumwambia kwa sababu sikujua kama ni jambo la kuambiana. Nimefika nyumbani nafungua kava, Mhariri, hakuna pa kuichomeka.

Kwa wasiojua, kadi yangu ni ya PCI, na bodi za sasa zina PCI Express. Majina yanafanana ila ni vitu viwili tofauti, sloti zake, yaani matundu ya kuchomekea kadi kwenye bodi, haziingiliani hata ulazimishe vipi. PCI ya zamani ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 90, Express ikaja miaka ya 2000, na ilipofika 2011 Intel wakaanza kuiondoa PCI kwenye chipset zao za kawaida (chip zinazoongoza bodi), wakaiacha kwenye zile za ofisi kama B65 na Q67, halafu B75 na Q77 zilizofuata, baada ya hapo wakaachana nayo. Kuna bodi za baadae utakuta zina sloti ya PCI lakini nyuma yake kuna kichip cha kutafsiri, na kuna adapta pia zinafanya kazi hiyohiyo. Wapo zinazowakubali. Mimi nilinunua adapta, kadi ikaonekana, nikafurahi, tulipoanza kurekodi ikawa sauti inakwaruza ta ta ta kama redio inayotafuta stesheni, bibi akavua hedfoni akauliza mwanangu hiki kitu kimeharibika?

Nikauza ile mashine kwa hasara. Nikatafuta kompyuta ya mtumba ya ofisini yenye chipset ya B75, na hapo nusura nikosee tena, maana nyingi zinazokuja ni zile nyembamba za kulaza chini ya skrini, kadi ya kimo cha kawaida haizami, bati lake la nyuma linagota kwenye kava. Lazima upate ile ya kusimama, taua. Nilipoipata nilimuomba muuzaji afungue ubavu nione kwa macho yangu, akakubali, nikaona sloti nyeupe ya PCI, nikalipa palepale. Imenigharimu chini ya nusu ya ile mpya na ndiyo ninayorekodia mpaka leo.

Jambo la pili ni draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi. Windows ya biti 64 inataka draiva ya biti 64, haina mjadala, kwaiyo kabla hujatoa hela ingia kwenye tovuti ya waliotengeneza kadi uone draiva ya Windows utakayoweka ipo au haipo. Na iwe na ASIO, huo mfumo wa kampuni ya Steinberg wa mwaka 1997 wa kupitisha sauti haraka, kwa sababu bila huo mwimbaji anajisikia kwenye hedfoni kwa kuchelewa. Hapa watu wanabishana sana kuhusu kasi ya prosesa. Jamani, kuchelewa kunatoka kwenye bufa, yaani kile kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakikusanya kwanza kabla ya kukipitisha. Ukirekodi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde na bufa ya sampuli 1024 tayari una milisekunde 23 kabla hujaongeza kitu kingine, mpiga dumbak wangu alikuwa anapotea kabisa, nikashusha mpaka 256 ambayo ni kama milisekunde 6 akarudi kwenye mdundo. Kompyuta ikishindwa kushuka hapo mara nyingi ni draiva fulani inaishikilia prosesa, na mkosaji mkubwa ni wayalesi. Nikiwa narekodi naizima wayalesi, naweka mpangilio wa umeme kwenye nguvu kamili, na ile kadi ya picha ya magemu sikuihitaji hata siku moja, feni yake ndiyo iliyokuwa inaingia kwenye maiki.

Kuhusu diski msitishwe. Njia nane za biti 24 kwa 48,000 ni kama MB 69 kwa dakika, wimbo wa taarab wa dakika kumi hauji hata GB moja, diski ya kawaida inabeba bila kutoka jasho. Mimi nimeweka SSD kwa sababu haipigi kelele tu. Ram GB 8 zinanitosha.

Halafu huku kwetu pwani kuna chumvi. Upepo wa baharini unakula miguu ya kadi pole pole, mara sauti ya upande mmoja inakatika unadhani kadi imekufa, kumbe ukiichomoa (zima na chomoa waya wa umeme kwanza) ukasugua meno yake kwa ufutio wa penseli inarudi. Na muungurumo ule wa chini usioisha, wengi wanalaumu kadi wakati nyumba haina erthi. Nilipoita fundi umeme akachimbia erthi vizuri uliisha wote.

Kama unaanza leo na unarekodi mtu mmoja mmoja usihangaike na PCI kama mimi, nunua ya USB, na bora ile isiyolazimisha draiva yake, uangalie kama inatoa volti 48 kwa maiki za kondensa, zile zinazohitaji umeme ili zifanye kazi. Ukiuziwa ya FireWire, aina ya waya wa zamani tofauti na USB, kwanza hakikisha kompyuta ina tundu lake, na ukinunua kadi ya kuongezea tundu tafuta yenye chip ya Texas Instruments, hizo ndizo watengenezaji wengi wa vifaa vya studio walizipendekeza.

Ombi langu kwa wenye maduka ni dogo sana. Mnapotangaza mashine mtandaoni mnaandika i5, i7, ram, diski, na picha ya mbele yenye mataa. Tuwekeeni na picha ya bodi kava likiwa wazi, na jina la bodi liandikwe kwenye risiti, mtu akatafute mwenyewe sloti zake kabla hajapanda bajaji na boksi. Nanyi gazeti ukurasa wa teknolojia karibu wote ni simu, siku moja tuleteeni fundi wa studio aeleze haya kwa kirefu kuliko mimi.

Ijumaa baada ya swala ya alasiri tunarekodi wimbo wa tatu, udi tayari umebadilishwa nyuzi.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga