Aliyepooza asilishwe akiwa amelala chali

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wa Mwanza tunaouguza wagonjwa wa kiharusi majumbani, na zaidi niseme na wale wanaotupa ruhusa ya kuondoka nao wodini.

Mama yangu ameuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, miaka mingi, na wateja walikuwa wanamsikia kabla hawajamwona. Mwaka jana alianguka alfajiri, upande wote wa kulia ukalegea. Tukalazwa siku sita, tukaruhusiwa na karatasi yenye dawa za presha na tarehe ya kurudi kliniki. Kuhusu kula tuliambiwa jambo moja tu: mpeni vyakula laini.

Sasa "laini" kwetu Igogo ni mchuzi mwepesi wa sato na uji wa kunywa. Shangazi alimlaza chali, akamwekea mto, akawa anamtilia kijiko kimoja kimoja huku anambembeleza, "Meza, mayu, upate nguvu." Mama alimeza, akakohoa. Tukasema ni baridi ya wodini. Siku ya nne homa ikapanda, kifua kinakoroma kama sufuria ya maharage. Tukarudi kule kule, tukaambiwa nimonia: ule uji ulikuwa unaingia mapafuni.

Daktari kijana aliyetupokea safari hiyo alinishika mkono, akaniwekea kidole changu mwenyewe kwenye koromeo, akasema, "Meza mate." Jaribu na wewe unayesoma. Linapanda, linashuka. Katika huo muda wa kama sekunde moja, pumzi inasimama, nyuzi za sauti zinajibana, kifuniko kidogo mfano wa jani kilicho nyuma ya ulimi kinainamia njia ya hewa, na mdomo wa umio, ambao muda mwingi umefungwa, unafunguka. Njia ya hewa iko mbele, ya chakula iko nyuma yake, kwa hiyo kila tonge halina budi kupita juu ya mlango wa pumzi. Nimekula ugali miaka 41 bila kulijua hilo.

Kiharusi kikiwagusa wanaoamuru kazi hiyo kule kwenye ubongo, mlango unachelewa kufungwa. Na hapo ndipo "laini" yetu ilipotuponza. Maji na mchuzi hukimbia. Vinafika kooni mlango ungali wazi. Uji mzito hutembea polepole, ukampa mgonjwa nafasi ya kujiandaa. Sisi tulikuwa tunauzimua makusudi, kwa huruma.

Kilichoniuma ni kwamba dalili zote tulikuwa tunazisikia kwa masikio yetu. Mama alikuwa hawezi kutamka "pesa" vizuri, neno alilolisema kila siku ya maisha yake. P inataka midomo ibane. Wake ulibana upande mmoja, hewa ikavuja upande wa pili. Pembe hiyo hiyo ya mdomo ndiyo iliyokuwa inachuruzika uji. Ulimi ulioshindwa kuipata L ndio huo huo unaotakiwa kulisukuma tonge nyuma, na ndiyo maana tulikuta chakula cha asubuhi kimejificha shavuni jioni. Kila akimaliza kula, sauti ilikuwa na maji maji, kama mtu anayeongea huku anasukutua. Sisi tulihangaikia maneno tu, lini atasema tena.

Nisieleweke vibaya, wapo wanaoongea vizuri na bado chakula kinapotea njia, tena wengine hata hawakohoi, kwa kuwa koo limekufa ganzi. Ndiyo sababu ninasema kazi hii isiachiwe shangazi. Baada ya kiharusi, takriban nusu ya wagonjwa hupata shida ya kumeza siku za mwanzo. Kabla ya mgonjwa kupewa uji wa kwanza, mtu aliyefundishwa amkalishe, ampe maji kijiko cha chai, amsikilize sauti. Hakuna mashine hapo. Na siku ya kuruhusiwa, ndugu atakayelisha aonyeshwe kwa vitendo: mgonjwa akae wima, kijiko kidogo, ameze kwanza ndipo kije kingine, shavu likaguliwe, mdomo usafishwe, abaki amekaa nusu saa. Kuonyeshwa hayo, dakika kumi zinatosha. Sisi dakika hizo tulizilipa kwa wiki mbili za kulazwa tena.

Mama yuko nyumbani. "Pesa" imerudi, ingawa imepinda kidogo. Maji bado tunampa kwa kijiko, na ukimletea kabla hujamweka sawa kwenye kiti, anafumba mdomo na kukutazama tu.

Msomaji wako,
Igogo, Mwanza