Punda ni wa Afrika

Mhariri,

Tunaomba isemwe wazi: punda anayevuta gari Unguja na Pemba, hata kama babu zake walipitia Arabuni, asili yake ni Afrika. Utafiti wa mwaka 2022, uliolinganisha jenomu, yaani taarifa zote za urithi (DNA), za punda 207 wa sasa na 31 wa kale, umeonyesha alifugwa mara moja tu, Afrika Mashariki, miaka 7,000 hivi iliyopita. Farasi wa leo walienea kutoka nyika za mito Volga na Don, Urusi, baadaye sana.

Wanaochimba mambo ya kale visiwani wautunze mfupa mgumu wa sikio la ndani la punda. Joto na unyevunyevu huozesha DNA, na ndani ya mfupa huo ndipo hubaki zaidi. Ushikwe kwa glavu, usioshwe, ukaushwe kivulini. Ukitobolewa ili kupata unga wa kupima DNA, kekee izunguke polepole. Ikipata joto, huharibu DNA iliyosalia.

Wasomaji wenu,
Chake Chake